Chujio la Bismillahi

Bismillahi. Usinicheke. Mama yangu alinilea kwa fimbo ya mtende, na fimbo hiyo ilikuwa na kazi moja kubwa: ukianza kuandika ukurasa bila Bismillahi juu yake, unachapwa vidole. Leo nina miaka arubaini na mbili, nina shahada tatu, nina wahandisi chini yangu wananiogopa, na bado nikiandika orodha ya vitunguu na mchele naanza hivyo hivyo. Mkono unakwenda wenyewe. Hata sijui kama nimeandika.

Naitwa Wadha. Kazi yangu ni Thuria.

Jina hilo tuliipa sisi wenyewe hapa maabara, maana ukiiona utadhani wameing'oa thuria, ile taa kubwa ya kuning'inia ya msikitini, wakaitundika kwetu: sahani za dhahabu moja chini ya nyingine, mirija na nyaya kila upande, na chini kabisa kidude kidogo kuliko ukucha wangu, kinachokaa kwenye baridi ambayo hata huko juu baina ya nyota haipo. Hiyo ndiyo kompyuta ya kwanta. Nje ya ukuta jua linachoma mpaka paka wanahama kivuli kwa kivuli, na sisi ndani tunalinda baridi.

Nikueleze inafanya nini, halafu sitarudia. Siri za watu zinafungwa kwa kufuli la hesabu. Unachukua namba mbili kubwa mno, unazizidisha, basi, umefunga. Kuzizidisha ni mara moja. Kuzitenganisha tena, kompyuta ya kawaida itahangaika mpaka sote tuwe mifupa. Thuria ilikuwa inazitenganisha kwa saa sita.

Wakubwa wetu walikuwa watatu na kila mmoja akiamini Thuria ni yake. Naibu Waziri Talal wa serikali, mtu wa harufu nzuri na maneno marefu, alitaka itangazwe kabla jirani zetu hawajatangaza ya kwao. Bu Rashid, mwenye shirika lililoijenga, alitaka picha. Na Jenerali Hizam wa jeshi hakusema anataka nini. Mtu mfupi, sauti ya chini, macho mabovu yanayomfanya afinye uso kila akisoma, na miwani hataki kuvaa. Huyo alikuwa na tabia moja iliyonitisha tangu siku ya kwanza. Kwetu ukishatosheka na kahawa unatikisa finjani, na mmiminaji anaelewa. Jenerali alikuwa hatikisi finjani mpaka apate alichokijia. Mzee Koya wa Malabari, mmiminaji wetu, aliwahi kummiminia finjani kumi na moja.

Jumapili asubuhi tulikaa majlisi, chumba cha wageni cha maabara. Tende mezani, dele la kahawa mkononi mwa Koya.

"Mie nataka picha moja tu," alisema Bu Rashid. "Nisimame pembeni yake, nishike kama hivi."

"Picha gani, Bu Rashid? Kitu cha siri hiki," alisema Talal.

"Siri! Kitu changu, nyumbani mwangu! Nikiwa na ngamia simpigi picha?"

"Ngamia wako ulimpiga picha mwaka jana," alisema Jenerali pole pole, "halafu akashika mkia kwenye mbio."

Tukacheka, hata mimi. Bu Rashid akacheka kuliko wote, mkono kwenye tumbo. Jenerali akasubiri kicheko kiishe, akanyoosha finjani, Koya akamimina.

"Mimi nina ghala," alisema. "Miaka kumi na minne kila kilichopita kwenye waya wa baharini tulikinakili. Tulivyoweza kuvisoma tulivisoma. Tusivyoweza tuliviweka, kama watu wanavyoweka achari. Tukajua itafika siku. Daktari Wadha, binti yangu, siku imefika au haijafika?"

"Inategemea, Jenerali. Vitu vya zamani huharibika."

"Tutajaribu na vya wiki ile."

Wiki ile. Hapa kwetu hakuna anayeuliza wiki gani. Ni wiki ya maandamano, wiki ambayo askari walifyatua marisasi madogo madogo usoni mwa vijana na barabara ya ufukweni ikaoshwa kwa magari ya zimamoto. Jenerali akaniwekea karatasi mezani. Majina kumi na mawili ya watu waliokimbia nchi baada ya wiki ile. Barua zao zote, zilizotoka kwao na zilizokwenda kwao, ndizo zitakazofunguliwa kwanza.

Jina la kwanza: Daktari Ghanim bin Sayf.

Wallahi nililisoma mara mbili.

Ghanim ni kaka yangu. Mama yake alimfia siku ya kuzaliwa, na mama yangu alikuwa ametoka kunizaa mimi nyumba ya pili, akamchukua akamnyonyesha. Sisi ni ndugu wa ziwa moja, na mbele ya Mungu ni ndugu kamili. Lakini hilo halimo kwenye daftari lolote. Waliponipa kazi ya Thuria, usalama walinichunguza mpaka babu wa babu. Wakajua shangazi yangu aliachika mara ngapi. Hakuna aliyeuliza nani alinyonya kwa nani.

Alikuwa daktari wa macho. Wiki ile alikaa hospitali siku tano bila kurudi nyumbani, akitoa marisasi kwenye macho ya watoto wa watu, na kila jicho aliloshindwa kuliokoa aliliandika, na jina la mwenye jicho, na tarehe. Orodha hiyo akawapa magazeti ya nje. Kosa lake ni hilo. Wenzake wawili kwenye karatasi ile walikuwa wameshakufa huko ughaibuni: mmoja alianguka ghorofani, mwingine alizama kwenye beseni la kuogea la hoteli, mtu aliyekuwa bingwa wa kuogelea wa chuo kizima! Loo, watu wanadhani sisi ni wapumbavu.

Miaka mitatu ya mwanzo tuliandikiana kwa siri, kwa majina ya uongo, barua zimefungwa kwa kufuli zuri kuliko yote ya wakati ule. Nililichagua mimi mwenyewe. Yule alipokufa kwenye beseni, tukaacha. Sikuwa na namba yake, na yeye hakutaka niwe nayo. Kilichobaki ni kitu kimoja: kila sikukuu ya Idi, baada ya sala, simu ya Mama inalia mara mbili na kukatika. Mama haipokei. Anaitazama tu, anasema, "Yupo." Halafu anakwenda kupika.

Basi nikakaa na karatasi ile mapajani, nikifikiri kwa haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Kuiharibu Thuria siwezi. Vipimo vyake vinatazamwa na watu sita. Kukataa siwezi. Nikazikumbuka barua za Ghanim, nazikumbuka moja moja. Hakuna hata moja iliyoanza kama barua ya mtu mwenye adabu. "Ewe mbuzi wa Mama!" Hivyo ndivyo alivyoanza. "Ewe mla makombo ya tende!" "Wewe, hujaolewa tu?" Mama alimchapa sana kwa ile Bismillahi, naye kila akichapwa anazidi kuiacha, kichwa kigumu, mpaka Mama akachoka akasema Mungu anamjua.

Na hapo ndipo nilipojiona nina akili.

"Kuna tatizo, wakubwa," nikasema. "Barua hizi zimenakiliwa mara nyingi, diski hadi diski. Nusu zimeoza. Thuria itafungua kufuli, lakini kitakachotoka kingi kitakuwa uchafu mtupu. Tunahitaji chujio, programu ya kutambua barua nzima na takataka."

"Itatambuaje?" aliuliza Talal.

"Watu wetu wakiandika wanaanzaje?"

Bu Rashid alipiga paja. "Bismillahi! Mama yangu hata risiti ya dobi anaandika Bismillahi!"

"Ndiyo hivyo. Kilichoanza kwa Bismillahi ni barua, kinakwenda kwa Jenerali. Kisichoanza hivyo ni takataka, kinafutwa papo hapo. Nafasi ya kuhifadhi tuliyonayo haitoshi."

"Mashallah," alisema Talal, macho yamelowa. "Yaani mashine ya kisasa kuliko zote duniani, na ufunguo wake ni jina la Mungu. Hilo nitaliweka kwenye hotuba."

Akatia saini. Bu Rashid akatia saini. Jenerali alinitazama kwa muda, uso umefinywa, akiwa ameshika kalamu.

"Wazo zuri," alisema. "Lako mwenyewe?"

"Langu mwenyewe."

"Hongera, binti yangu." Akatia saini. Finjani hakuitikisa. Alimpa Koya ajaze, akatoka nayo mkononi mpaka kwenye gari.

Thuria ilifanya kazi siku tatu. Kufuli la Ghanim lilifunguka Jumatatu, saa saba mchana. Nilikuwa mbele ya kioo cha kompyuta. Sikuruhusiwa kuona maandishi. Zilizopita kwenye chujio zilikwenda moja kwa moja chumba cha jeshi kuchapishwa. Mimi niliona hesabu tu: ngapi zimepita, ngapi zimefutwa. Niliona namba ya zilizofutwa ikipanda. Kumi. Ishirini. Thelathini na tatu. Kila moja nikasema moyoni, hiyo hapo, ewe mbuzi wa Mama. Hiyo hapo, mla makombo. Nilikuwa namfuta kaka yangu kwa mkono wangu mwenyewe na furaha ilinijaa mpaka nikaogopa nitacheka. Tisa zilipita. Nikasema zitakuwa za wagonjwa wake, za wajomba, za watu wazima wa salamu ndefu.

Jioni ile nilikula machbusi ya Mama, wali wa nyama na viungo, sahani mbili.

"Umepata mchumba?" aliuliza Mama.

"Nimepata usingizi, Mama."

Jumatano saa tatu asubuhi waliniita majlisi. Simu tunaziacha getini kila siku, kwa hiyo niliingia na daftari langu tu. Wote watatu walikuwepo. Bu Rashid hakuwa na mzaha. Talal alikuwa anapitia hotuba yake, akinong'ona. Jenerali alikaa kwenye kona ya mito ya kukalia, karatasi moja mbele yake, na Koya kwa nyuma na dele.

"Njoo, binti yangu, kaa. Macho yangu haya unayajua. Wamenichapishia kwa maandishi ya siafu. Hebu nisomee, na wenzangu wasikie matunda ya mashine yako."

Akanipa karatasi. Mstari wa kwanza: Bismillahi Rahmani Rahim.

Mstari wa pili: Kwa kaka yangu mpenzi, tuliyenyonya ziwa moja.

Mungu wangu. Ilikuwa yangu.

Barua za kupokea unazihifadhi kichwani. Unazirudia, unazichekea, unazililia. Za kwako mwenyewe, ukishazituma zimekwenda, nani anakumbuka barua aliyoiandika yeye? Siku tatu nilifikiria alivyoniandikia Ghanim, wala mara moja sikufikiria nilivyomwandikia mimi. Mimi binti mwema, mwenye vidole vilivyochapwa, ambaye hajawahi kumwandikia kaka yake hata nusu ukurasa bila Bismillahi. Zile tisa zilikuwa zangu. Nililisuka chujio kwa mikono yangu, likazipitisha zote kwa heshima kamili.

"Soma basi," alisema Jenerali.

Nikasoma. Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi. Sikuwa nimetia jina, ila "dada yako" tu. Nikasoma salamu, nikasoma mvua ilivyokatika, nikasoma Mama alivyomwombea. Na huku mdomo unasoma, jicho lilikuwa limeshatangulia chini, likauona mstari wa saba. Mstari huo ulisema: Tumefurahi kuwa duka la miwani la huko Izmir, nyuma ya soko la samaki, limekupokea, na kwamba wanakuita Fundi Selim.

Mstari wa sita ulimalizika kwa nukta. Wa nane ulianza, Goti la Mama bado linamsumbua.

Nikavuta pumzi. Kutoka sita nikaingia nane, laini, bila kusita. Goti la Mama bado linamsumbua, dawa ya kupaka imekwisha. Nikaenda mpaka mwisho, mpaka dada yako akupendaye, nikaiweka karatasi mezani kichwa chini.

Koya akamimina.

"Umesoma vizuri," alisema Jenerali. "Dada mwenye malezi huyu. Tatizo ni kwamba Ghanim bin Sayf hana dada. Tumefungua madaftari yote, hana. Ikabidi niulize wazee. Wakaniambia, dada wa ziwa huyo. Sasa maziwa, binti yangu, yanaandikishwa ofisi gani?"

"Sijui, Jenerali."

"Hata mimi sijui." Akanywa. "Umeruka mstari."

"Nimeruka? Samahani. Macho yamechoka, siku tatu mbele ya vioo."

"Macho mabovu hapa ni yangu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kabla yako wamesoma wahandisi wako watano. Mmoja mmoja, mto huo huo uliokalia. Yule mwenye kigugumizi alitumia robo saa, maskini, jasho linamtoka. Lakini hakuruka kitu."

Bu Rashid alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kwa nini sisi?" niliuliza. Nilitaka iwe sauti ya hasira, ikatoka ya mtoto.

"Kwa sababu ya chujio. Nililipenda sana. Nikarudi nyumbani nalo, nikalala nalo, nikajiuliza: nani huyu anayeogopa barua isiyo na Bismillahi?"

Nikasema kwa sauti kwamba nimelisoma jina la Ghanim kwenye karatasi ile na nimeijenga mashine nzima na siwezi kuvujisha hata siri moja ya nchi yangu, nikasema maneno mengi sana, sikumbuki hata nusu. Jenerali alinisikiliza kwa adabu. Nikasema mwishoni, "Alitibu macho ya watoto. Hakufanya kingine. Macho tu."

"Najua."

"Basi mwacheni!"

"Mstari wa saba tuliusoma jana asubuhi," alisema. "Watu wangu wa kusafiri wameshasafiri. Leo nilikuwa namtafuta dada tu."

Talal aliinua uso kutoka kwenye hotuba yake. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile, na nadhani hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alikuwa na haraka tu.

"Kwa hiyo," aliuliza, "tuseme mashine inafanya kazi?"

"Inafanya kazi," alisema Jenerali.

Akanyoosha finjani kwa Koya, na akaitikisa.

Hawakunifunga. Hilo ndilo watu hawaliamini. Nani ataiendesha Thuria? Yule mwenye kigugumizi? Jenerali alisimama, akapangusa kanzu yake, akaniambia, "Kesho saa mbili kama kawaida. Chujio liondoe. Na kuanzia leo takataka hazifutwi, utaniletea zote." Mbele ya nyumba yetu sasa pana gari jeupe. Mama anadhani ni la jirani, na jana aliwapelekea waliomo ndani sahani ya halua.

Nimekwenda kazini kila siku. Nimefungua kufuli ishirini na nane. Za watu gani, siulizi.

Siku ya kumi na mbili Jenerali alikuja kukagua. Akasimama mbele ya vioo vyangu, akavisoma kimoja kimoja kutoka juu hadi chini, na uso wake hakuufinya. Ilinichukua muda kutambua kilichobadilika. Alikuwa amevaa miwani. Mipya, ya fremu nyembamba, ubavuni imeandikwa Izmir, imesagwa kwa ustadi, imemkaa kana kwamba fundi alimpima mwenyewe.

"Sasa naona vizuri," aliniambia. "Sitakusumbua tena kunisomea."

Idi ni keshokutwa. Mama ameshasafisha sebule, ameshaloweka mchele, na simu ameihamishia kwenye meza ndogo karibu na kiti chake, kama afanyavyo kila mwaka.